Safu ya Vinginevyo

Fomu niliyopewa ina safu sita:
tarehe, saa, kina, kamba, samaki,
na ya mwisho, nyembamba kama ufa wa mlango: vinginevyo.
Kalamu nimeifunga uzi shingoni
isije ikaanguka ikahesabiwa nayo.

Naitwa Somoe binti Lali, wa Ngomeni.
Kazi yangu melini ni kuhesabu.
Sivui, sipiki, siamuru.
Mabaharia huniita Bi Karani,
na nahodha, siku akiamka vizuri, Bi Macho.

Saa kumi za alfajiri winchi inalia.
Mfuko unaning'inia juu ya sitaha, umevimba, unatiririka.
Mtu mmoja anavuta fundo
na sakafu ya bahari inamwagika miguuni petu.

Nasema sakafu. Sikukosea neno.
Kamba wamo, ndiyo, ndoo mbili na nusu.
Ndoo kumi na tisa ni nyumba ya kamba:
majani na mizizi yake, na udongo kwenye mizizi,
sifongo limemeguka kama mkate wa mofa,
taa mchanga, mpana kama kiganja changu,
farasi bahari wawili wameshikana mikia,
kaa jike mwenye mayai, anapiga gando hewani
kama anayebisha mlango ambao haupo tena.
Na viti vya pweza. Nimehesabu thelathini na vinne,
vya miguu mitano, vya minne, kimoja cha miguu miwili.
Pweza mwenyewe atakaa wapi?

"Andika vinginevyo," anasema Bunu,
ndugu yangu toka nitoke, aliyenitafutia kazi hii.
Ana koleo mkononi. Anavisukuma vinginevyo baharini,
vimekufa, au vinakufa,
na shakwe wanatufuata kwa kelele
kama watoto nyuma ya gari la harusi.

Mama hufagia ua kila asubuhi kwa fagio la chelewa.
Taka huondoka, mchanga hubaki,
mistari ya fagio hulala pale mpaka kuku waikanyage.
Sijaona mtu akifagia nyumba
akazoa na udongo, na kizingiti, na mtoto aliyelala.

Kwenye kioo cha nahodha kuna mstari: ndiyo chini hiyo.
Juzi ulikuwa na meno, na vichwa vya matumbawe.
Leo umetandikwa kama kitanda cha hoteli ya Malindi.
"Pamekuwa safi," anasema. "Wavu hautanaswa."

Mchana, wavu umeanikwa, nikauona mlango wa kasa,
ile grili ya chuma ambayo kasa akigonga
hupanda nayo, akatoka, akaenda zake.
Umefungwa.
Kamba ya buluu, mafundo matatu,
fundo lile alilotufunza baba kufungia mbuzi.

Lugha yetu ina kamba wawili, au niseme mbili:
mmoja huuzwa kwa kilo, huko mbali,
nyingine imekaza mlango kwa ajili yake.

Bunu hakunitazama.
"Kasa akipata njia, na kamba hupata njia.
Tunalipwa kwa kilo, Somoe.
Na paa la mama unalijua."
Nalijua. Ndoo ya kukingia mvua nilinunua mimi.

Usiku nimegeuza fomu, nyuma, palipo peupe.
Nimeandika: sakafu, ndoo kumi na tisa.
Nimeandika: mlango wa kasa umefungwa, kamba ya buluu.
Nimeandika: mafundo matatu.
Kisha kalamu imesimama, na wino ukafanya doa
mahali ambapo jina lingekaa.

Yule kaa nilimficha kwenye ndoo ya kuoshea miguu.
Asubuhi alikuwa hai, amekasirika, mayai yake yote tumboni.
Nikamshusha kwa kamba, polepole, upande usio na koleo.
Maji yalikuwa mekundu kwa tope la Sabaki; chini sikupaona.
Sijui kama kuna kitu kilichompokea.
Nilimwita kwa jina lake, ambalo pia ni ombi:
kaa.