Mtu wa Sita

Kabla ya motokaa, Mombasa ilikuwa na reli mbili nyembamba
toka Ngomeni hadi Kilindini,
na juu yake toroli za kiti kimoja, paa la turubai,
na nyuma ya kiti watu wawili: mimi na Nzaro wa Kalama.
Farasi walikufa kwa ndorobo.
Farasi tukawa sisi.
Mteremko tukidandia, kilima tukisukuma,
jua limesimama utosini kama mnyapara.

Bwana Prichadi alikuwa karani wa meli,
mnene, suti nyeupe, leso haikauki.
Kila asubuhi: "Kilindini, upesi."
Hakutupiga. Majina yetu pia hakuyauliza.
Siku moja, tukihema kilimani,
aligeuka akatazama miguu yetu,
si sisi, miguu,
akasema kwa Kiswahili chake cha kokoto:
"Mimi pia kimbia. Zamani. Ulaya."

Nzaro akacheka puani.
Kumbe alikimbia kweli.
Kwao, nchi ya makaa ya mawe na mvua,
mataifa hukutana kila mwaka kushindana,
tena si barabarani: mashambani,
nyasi zimelowa, tope la kufika goti,
wanaruka ua, wanaruka mitaro, maili kumi,
wala hawapeleki barua,
hawafukuzi mwizi,
hawakimbii deni.
"Sasa mwakimbilia nini?"
Alifikiri mpaka tukapita makaburini.
"Hesabu," akasema.

Kila nchi watu tisa, wanaohesabiwa sita.
Wa kwanza alama moja, wa ishirini, ishirini;
jumlisha. Mwenye kidogo ndiye mshindi.
Nikaipenda hesabu hiyo.
Sijaisikia tena popote duniani.
Yeye alikuwa mtu wa sita.
Kiatu cha kushoto kikamezwa na tope, akarudi kukifukua,
watu watatu wakampita,
nchi yake ikakosa ushindi kwa alama mbili.
Alinionyesha kwa vidole: mbili.
Miaka saba baadaye, vidole vilikuwa vikitetemeka.

Masika ya mwaka ule yalikuja na ghadhabu.
Gurudumu likachopoka relini,
meli inapiga honi, hati zimo mkobani mwake.
Tukainama kuinua. Yeye akashuka,
akavua viatu, vyote viwili safari hii,
akaviweka kitini kama abiria,
akatoka mbio.

Tulicheka, ndiyo. Tumbo lilimtangulia.
Kisha kicheko kikatukauka,
maana nyonga zile zilikuwa na elimu,
nyayo zikilijua tope kabla ya macho.
Tukarudisha gurudumu, tukasukuma.
Na toroli ilikuwa nyepesi, Mola wangu, nyepesi!
Tukamkaribia penye mteremko.
"Usimpite," Nzaro akaninong'oneza.
Miaka yote ile sikuwahi kuona mbele yangu
ila mgongo wa kiti.
Miguu ilitaka. Wallahi ilitaka.
Nikaachia mpini.

Toroli nayo ikatuachia sote.
Ikashuka na Nzaro akining'inia, analia jina la mamake,
ikampita Bwana, ikanipita mimi,
ikaingia bandarini viatu vikiwa vimekaa wima,
vya kwanza na vya pili.
Wa tatu Nzaro.
Wa nne na wa tano, mimi na yule mtu,
nani mbele, nani nyuma, hiyo siisemi.
Alisimama ameshika magoti, matope mpaka nyusi,
akahesabu nauli, akanipa kamili,
ingawa waliopanda ni viatu.
Kesho yake: "Kilindini, upesi."

Reli waling'oa. Bwana akaenda zake.
Vita vilipokuja, Nzaro alichukuliwa Kariakoo,
kubeba risasi za watu kule bara,
na hakurudi.
Nilikwenda ofisini kuuliza. Karani akapekua daftari,
kidole kikishuka, kikishuka,
ukurasa baada ya ukurasa.
Nikamwambia tazama vizuri,
huyu alikuwa wa tatu.