Kumzika Bibi Salme

Kanisa la Võru lina baridi ya Februari,
mabenchi ya mbao yanayolia ukijikuna tu,
na watu ishirini na saba. Nimewahesabu mara tatu;
ya nne nimejikataza, ya nne nimeifanya.
Wamenyamaza namna wanavyojua wao kunyamaza,
kimya kilichopigwa pasi.

Nami nina sauti kooni.

Inapanda kama chafya inavyopanda:
kwanza mwasho nyuma ya ulimi,
kisha deni, kisha mdai mlangoni.
Naweza kumwambia asubiri. Nimemwambia asubiri.
Nimekunja vidole vya miguu ndani ya viatu,
nimeuma shavu, nimeukodolea mshumaa,
bega la kulia limelipa kidogo, moja, mbili,
shangazi Hilje amesogeza mkoba wake.

Nilikuwa na miaka saba.
Kwanza macho kupepesa: mwalimu akasema miwani.
Kisha shingo: mwalimu akasema adabu.
Kisha hili, "hap!", katikati ya imla,
darasa likacheka hadi likachoka.
Daktari wa Tartu alilijua jina lake, refu,
na majina ya ndugu zake, maana haliji peke yake:
wasiwasi unaohesabu makomeo,
sonona inayobisha Novemba
na kukaa hadi theluji iwe tope.
Mama aliyaandika yote nyuma ya risiti ya samaki.

Bibi Salme hakuandika kitu.
Alikuwa ametunza farasi wa shamba la ushirika miaka thelathini.
Nilipotoa ile "hap!" mezani kwake,
supu ya shayiri ikamwagika, ardhi ikakataa kunimeza,
alijibu "hap!" bila kuinua macho kwenye viazi,
kama mtu anayeitikia hodi.
Ikawa hivyo. Jikoni hap, ghalani hap.
Hakunionea huruma, mwanamke yule.
Siku moja alinichapa kwa kitambaa cha vyombo
eti nimeacha mlango wazi, jogoo kaingia.
Mlango! Mimi! Mimi niurudiaye mara sita!

Sisemi aliniponya.
Usiku niliamka kwenda kuligusa jiko,
na sauti yake ikitoka gizani:
Limezimika, Taavet.
Nikirudi tena, miguu imekufa ganzi:
Limezimika bado.

Mchungaji amefika penye mavumbi.
Ameshusha pumzi, watu wote wameshusha pumzi,
na mdai amevunja mlango.

"Hap!"

Imegonga dari, imezunguka kinanda, imeshuka.
Kidole cha mchungaji kimesimama juu ya mstari.
Nami, mjinga, nasubiri,
masikio yote mawili yameelekea sandukuni.

Mtu amekohoa, kwa hisani.
Mavumbi yameendelea.

Jioni wengine wameondoka na keki zao.
Jiko lake halijawashwa tangu Jumanne;
nimeligusa, barafu. Nimefunga mlango,
nimeuvuta mara sita, nimefika kwenye gari,
nimewasha taa, nimezima taa, nimerudi.
Nimesimama gizani na kiganja juu ya chuma.
"Limezimika bado," nimesema,
kwa sauti inayokaribia kuwa yake.

Kisha nimeligusa tena.