Waya wa Buluu

Saa nane na dakika kumi na moja usiku
kishale kilitembea chenyewe kwenye skrini.
Mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika kikombe cha chai.

Kilitembea bila papara,
kama mgeni anayejua vyombo vinakaa wapi.
Majengo ikazima. Kisha Pasua.
Kisha njia inayopanda Kibosho.
Dirishani Moshi ikawa inamegwa kipande kipande,
na juu yake theluji ya Kibo,
isiyo na mita wala deni,
inang'aa kwa mwezi.

Nikabonyeza. Nenosiri limekataliwa.
Nenosiri langu: Aikaruwa, na mwaka aliozaliwa.
Ndiyo, najua.
Tuliambiwa tubadilishe. Nilisema kesho.

Nikampigia Ndeanansia. Hakuuliza mengi.
"Ule waya wa buluu, nyuma ya kabati.
Usiubembeleze. Ng'oa.
Nakuja na hendeli."

Akaja na bodaboda, kanga juu ya ovaroli,
akazirudisha swichi kwa mkono,
akihesabu kwa Kichagga,
na kila chuma kilipogonga chuma
mtaa mmoja uliamka.
Hospitali kwanza: watoto njiti walikuwa wanapumulia jenereta,
na dizeli, mlinzi alisema kwenye simu,
"ipo ipo."

Kulipopambazuka, vidole vinanuka grisi, akaniambia:
kwao Kirua mfongo haukuwa na mlango mmoja.
Kila ukoo na wake, kigogo cha mgomba na udongo.
Ukibomoka juu, mnaziba palepale;
wa chini wana maji ya mtungi hadi jioni.
Hakuna aliyelala na kiu kwa kosa la jirani.
"Ninyi mmeuleta mto mzima kwenye bomba moja,
halafu ufunguo mkauning'iniza hewani."

Nilitaka kubisha. Nikanywa chai, imeshapoa.

Fomu ya ripoti ilitaka chanzo cha hitilafu.
Nafasi ilikuwa ya herufi mia mbili.
Nikaandika: *Kesho.*
Mkuu wa zamu akairudisha, nikaandika vizuri.

Siku hizi hendeli imetundikwa ukutani, karibu na kalenda.
Pasua ikianguka, Majengo inabaki imesimama.
Hospitali ina paneli zake juu ya bati,
na kila Jumatano tunazima mitambo makusudi
tuone nani anajikwaa gizani.
Mara nyingi ni mimi.

Juzi Aikaruwa aliuliza mbona siandiki tena jina lake
ninapofungua kompyuta.
Nikamwambia: mwanangu,
lilikuwa linafungulia watu.