Kibahasha cha Vipuri

Kijijini kwetu, milimani Jura,
theluji hulala hadi Aprili,
na bahari iliyo karibu ni safari ya kutwa kwa treni.
Sijawahi kuifika.
Bahari yangu ni chombo cha chuma mezani,
kimo chake kama birika:
natumbukiza saa, nafunika, nakaza,
mshale wa shinikizo unapanda
hadi kina cha mita mia tatu
ambako hakuna mwenye saa atakayekwenda.

Kisha napasha kioo moto,
nadondosha juu yake tone moja la maji baridi,
nahesabu hadi sitini.
Ukungu ukijitokeza ndani, imevuja.
Usipojitokeza, natia sahihi: S. Vuilleumier.
Miaka ishirini na sita, tone kwa tone.
Labda nimeshajaza ndoo.

Mwaka ule tulitengeneza mia tatu tu,
uso wa kijani cha chupa,
na mgongoni zimechorwa nyasi zilizolalia upande mmoja
kana kwamba chini ya maji kuna upepo.
Sehemu ya bei, tuliambiwa,
itanunua maboya kule Mayorka,
mashua zifungwe hapo
zisitupe nanga juu ya nyasi.

Akaja Aina Riutort kutueleza.
Mzamiaji, nywele zimekauka kama katani,
koti la kuazima, viatu visivyojua theluji.
“Si mwani,” alianza,
kwa sauti ya mtu aliyechoka kusahihisha.
“Mwani hauna mizizi. Hizi zina mizizi, zina maua.”
Akauliza, ninyi hapa mnapima nini?
Jeanneret akajibu, kifua mbele: sehemu ya nane ya sekunde.
Akacheka, bila dharau.
“Shina lake hutambaa sentimita moja.
Kwa mwaka.”
Akatuonyesha ukucha wa kidole chake kidogo.
Nje, mashine ya kusukuma theluji ikapita,
hakuna aliyegeuka kuitazama.

Namba mia na kumi na nane ilirudi Septemba.
Kwenye fomu, mwandiko mzuri, wino wa buluu:
*Imegongwa na mnyororo wakati wa kung’oa nanga.*
Ghuba fulani. Mayorka.

Niliisoma mara mbili.
Nikaenda kunawa mikono, ingawa ilikuwa safi.

Kioo kina ufa. Pete imeganda chumvi.
Na kwenye kifungo cha mkanda, kimebanwa
kitu cha kahawia, chenye manyoya,
nikadhani uzi wa sweta.
Nikakitoa kwa kibano, nikakilaza juu ya karatasi nyeupe.
Kipande cha shina.
Milimita nne na ushei.
Kwa hesabu ya Aina, miezi mitano.
Saa yenyewe tuliimaliza kwa siku tisa.

Bandu bandu huisha gogo, ndiyo,
lakini hili halikubanduliwa;
lilikwenda kwa mvuto mmoja wa mashine,
mwenyewe kainama kutazama,
mkono wenye nyasi zilizochorwa
karibu mno na mnyororo.

Simchukii. Ningependa, ila siwezi:
bonasi ya mwaka ule ilitoka humo humo,
nikanunua jiko, linawaka vizuri.

Nimebadilisha kioo. Nimebadilisha mpira wa kuzibia.
Nimeizamisha tena mita mia tatu.
Tone. Sitini. Hakuna ukungu.
Haipitishi chochote.

Sheria ya karakana: vipuri vya zamani
hurudishwa kwa mteja ndani ya kibahasha,
asije akadhani tumemwibia.
Nimetia vipande vya kioo, mpira uliochoka,
na, katika karatasi yake ya peke yake,
milimita nne.
Juu nimeandika orodha, kama kawaida:
kioo, kimebadilishwa.
Mpira, umebadilishwa.
Kwenye mstari wa tatu kalamu ilisita,
Jeanneret akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Shina, moja.
Hatuna lingine ghalani.