Watu Mia Mbili na Arobaini

Saa tisa usiku, mwezi wa saba.
Kompyuta inasema jengo linaungua.
Mimi nimevaa sweta mbili, leso kiunoni,
chai imefanya utando kikombeni,
na nje Upper Hill imezama kwenye ukungu
hata taa za kreni hazionekani.
Kompyuta inasema: kilowati mia moja na tisa.
Poza. Poza. Poza.

Poza nini, wewe?
Nani huona joto Nairobi, Julai, saa hizi?

Nilianza na kuta, kama tabibu anayeanza na ulimi.
Zege, sawa. Matofali, sawa.
Kwenye paa sifuri moja ilikuwa imetoroka;
nikairudisha, na namba ikatikisika tu,
mfano wa ng'ombe aliyetuliwa na nzi.
Nikafungua faili la hali ya hewa nikiomba liwe la Mombasa,
kosa tamu, la kuchekwa asubuhi na kusahauliwa.
Lilikuwa la hapa hapa. Nyuzi kumi na moja, upepo mdogo.
Nikatazama vizuia-jua. Kiolezo tulichoazima
kilitoka nchi ambako jua la adhuhuri hukaa kusini,
kimelivisha jengo langu kofia kisogoni.
Nikaigeuza. Mchana ukapoa.
Usiku haukusikia.

Bwana Kathurima ameuliza mara tatu leo:
mashine ya ukubwa gani?
Kwake ukubwa ni mkopo, na mkopo hauna Julai.

Ndipo nikafungua ratiba ya watu.
Moja, moja, moja, moja,
saa ishirini na nne, siku zote za mwaka.

Kumbe mlikuwa humu!
Watu mia mbili na arobaini,
kila mmoja wati mia na ishirini za mwili,
hamna majina, hamna njaa, hamna basi la kuwahi.
Tangu Januari hamjaenda nyumbani.
Krismasi mliipitisha mezani, taa zikiwaka utosini,
madirisha hayafunguki, mnapumuliana tu,
na mashine inawapepea kama wagonjwa.
Nani aliwasahau?
Mimi. Jumanne, nikikimbilia mkutano.

Nikaandika: saa kumi na moja jioni, sifuri.
Nendeni. Zimeni taa.
Chukueni mikoba yenu, watoto wamekua.

Mzigo ukaanguka kama gunia begani.
Saa tisa usiku: kilowati nne, za chumba cha seva,
nazo zina haki yake.
Nikacheka peke yangu, sauti ikagonga kioo.

Mlango ukafunguka. Nyambane, na tochi, na daftari.
"Injinia, bado uko?
Orofa hii nina mtu mmoja tu usiku huu.
Nikuandike unatoka saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Akaacha nafasi wazi,
akashuka ngazi akikohoa,
akiacha nyuma joto lake dogo la mlangoni.

Nikairudia ratiba.
Nikafuta sifuri ya usiku, na mahali pake nikaandika
nukta sifuri sifuri nane,
yaani mlinzi mmoja,
na mmoja mwingine, yeyote yule, aliyechelewa.