Pembe Isiyo na Kitako

Siku mia mbili na kumi na moja, Gocha hajaonja.
Leo, huku Kutaisi, Nestani binti wa dada yake anaolewa
na pembe ya mvinyo inazunguka meza,
pembe isiyo na kitako: ukiipokea
huwezi kuiweka chini mpaka uimalize.

Mababu walijua kutega, anawaza.

Ajuaye hamu huja saa ngapi
hajifanyi shujaa.
Mfukoni ana mbegu za alizeti, anazitafuna;
kiti amekichagua karibu na mlango;
namba ya Ilarioni, fundi viatu aliyeacha miaka tisa,
ipo ya kwanza kwenye simu.

Mwezi Machi aliteleza. Glasi moja, kisha wiki nzima.
Ilarioni hakumhubiria. Alisema tu:
"Uliteleza wapi? Twende tupaangalie palipolowa."

Pembe inakaribia. Shangazi anamkonyeza: kidogo tu, ni harusi.

Kidogo.
Neno hilo analifahamu, ndilo lililokula nyumba yake.

Anasimama, magoti yakimcheza. "Nestani, mwanangu, heri,"
kwa juisi ya komamanga, katika kikombe chenye kitako,
kisha anakiweka chini
kikiwa nusu.