Mengineyo

Kila Alhamisi nafungua kompyuta
kabla vumbi halijaamka.
Mlinzi ameshanyunyiza maji mlangoni,
matone yamejiviringa kwenye udongo kama shanga.

Mimi si daktari. Ni karani wa rejista.
Kazi yangu kuuliza na kuandika:
umri, uzito, mwaka ulipobanwa mara ya kwanza,
umelazwa mara ngapi tangu masika.
Maswali arobaini na sita,
yaliyotungwa na watu wa nchi kumi na tisa
waliobishana miezi minane
juu ya maana ya neno "kali".

Yudita Chilongani wa Mpunguzi
aliingia ameshika ukuta.
Akasema "Mbukwa,"
kisha akanyamaza kidogo
kuilipia salamu ile moja.

Nikampa kipima pumzi. Apulize kwa nguvu zote.
Mshale ukapanda hadi mia na arobaini, ukachoka.
Mpwa wake wa miaka tisa naye akaomba ajaribu,
akapita mia mbili, akacheka,
halafu akauona uso wa shangazi yake.

Kinachochochea shambulio. Chagua.
Paka. Chavua. Vijidudu vya zulia. Baridi.
"Zulia?" akauliza.
"Kwangu kuna ngozi ya mbuzi, mwanangu, na udongo."
Nikashuka hadi Mengineyo,
kisanduku chembamba cha herufi ishirini.
Akanieleza: upepo wa Agosti,
moshi wa kuni mbichi,
na ile salfa wanayopuliza kwenye mizabibu,
ya njano, inayokaa kooni mpaka jioni,
na huwezi kuikataa kazi kwa sababu ya koo.

Nikaandika SALFA YA ZABIBU.
Zikabaki tano.
VUMBI ingetosha,
lakini pengo kati ya neno na neno
nalo huhesabiwa.

"Jina langu litafika wapi?"
Halitoki, nikamwambia. Linalala hapa kwenye kabati la chuma,
ufunguo anao Sista Lechipya.
Kinachovuka mpaka ni namba. Wewe ni sabini na nne.
Akafikiri.
"Kwa hiyo pumzi yangu itapanda ndege,
mimi nirudi Mpunguzi na bodaboda."

Safu ya kumi na moja ni ya sindano mpya.
Nchi nyingine zimejaza tiki.
Yetu nimeiteremsha sifuri, sifuri, sifuri,
mayai ya kanga aliyekimbia kiota.
Hakuniuliza habari za safu hiyo.
Nami sikumgeuzia kioo.

Mwezi wa tatu ujumbe ukarudi
kutoka nchi ya vilima nisiyoijua:
"Salfa ya zabibu, tafadhali fafanua.
Sisi pia tunaye mmoja. Mwanamke, miaka hamsini na miwili,
mchuma zabibu.
Tulimwandika: sababu haijulikani."

Nikapiga simu Mpunguzi.
Nikasikia kuku, mtu akitwanga,
na kifua chake, filimbi nyembamba
inayotangulia kila neno.
Nikamsomea ujumbe mara mbili.

"Ana namba gani huyo?"
Mia tatu na mbili.
"Basi muulize mia tatu na mbili
kama naye hulala amekaa."

Nikaipitia fomu yote,
swali la kwanza hadi la arobaini na sita.
Halimo.
Hudhurio la pili lina Mengineyo yake, tupu bado.
Nikaandika HULALA AMEKAA,
nikabonyeza tuma,
na mtandao ukaanza kuzunguka,
ukazunguka,
nami nikajikuta nimebana pumzi,
mimi ambaye sina ugonjwa wowote.